Ni Mlango Upi wa Kalkulasi Umfaao Mwanafunzi?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, vijana wa Kigoma mjini, Ujiji, Mwandiga na Kasulu huketi kujaza maombi ya nafasi vyuoni na kujiuliza swali moja: niombe shahada gani? Ni wachache mno wanaojiuliza swali la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza: katika shahada hiyo hisabati itaanzia wapi, nami je, nimekwisha kufika hapo? Makala haya yanadai kwamba swali hili la pili ndilo linaloamua, kwa wengi, kama mwaka wa kwanza wa chuo utakuwa wa mavuno au wa majuto. Yanadai pia kwamba swali hilo halifai kujibiwa kwa majivuno wala kwa woga, bali kwa kujipima.

KALKULASI HUSHUGHULIKA NA NINI

Kalkulasi ni sehemu ya hisabati inayoshughulika na mambo yanayobadilika. Ina matawi mawili. Tawi la kwanza, utofautishaji, huuliza: kitu hiki kinabadilika kwa kasi gani wakati huu? Tawi la pili, ambalo tunaweza kuliita ulimbikizaji, huuliza: mabadiliko madogo madogo yakikusanywa pamoja, yatafikia kiasi gani?

Mwanafunzi akaaye ufukweni mwa Ziwa Tanganyika ana mfano mbele ya macho yake. Kwa kawaida maji ya ziwa hufikia kimo cha juu yapata mwezi wa Aprili au Mei, na kimo cha chini yapata Oktoba au Novemba. Kwa nini kilele hakifikiwi siku ile mvua inyeshapo kwa nguvu kuliko zote? Kwa sababu kupanda kwa kasi si sawa na kuwa juu. Siku ya mvua kubwa, maji yaingiayo huyazidi sana yatokayo, na ziwa hupanda upesi. Mvua ikipungua, ziwa huendelea kupanda, ila polepole zaidi, hadi ifike siku ambayo maji yaingiayo kwa mvua na mito yanalingana na yale yatokayo kwa mvuke na kwa mto Lukuga. Siku hiyo kasi ya kupanda ni sifuri, nayo ndiyo siku ya kilele. Hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi hulikariri darasani kwa maneno mengine: penye kilele, mteremko wa grafu ni sifuri.

Sasa tuligeuze swali. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 32,900. Likipanda kwa milimita moja tu, limeongeza maji yapatayo mita za ujazo milioni 33. Ukijua milimita za kila siku, unaweza kuzilimbikiza na kupata maji yote yaliyoongezeka katika msimu mzima. Mambo haya si mchezo wa vitabuni. Katika miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kuzifikia nyumba, barabara na magati katika nchi zote za mwambao. Mhandisi wa bandari, mtafiti wa samaki na mpangaji wa mji wote wanahitaji hesabu za namna hii, lakini hawazihitaji kwa namna moja. Hapo ndipo milango inapoanza kutengana.

MILANGO MITATU

Katika vyuo vyetu vikuu, kalkulasi ya mwaka wa kwanza hufundishwa kwa namna tatu hivi, ingawa majina ya kozi hutofautiana kutoka chuo hata chuo.

Mlango wa kwanza ni wa wale wanaotumia hisabati kama chombo cha pembeni: wanafunzi wa uchumi, biashara, kilimo na baadhi ya sayansi za viumbe. Kozi yao huanza karibu na mwanzo, hupitia grafu na aljebra upya, kisha hufundisha utofautishaji na ulimbikizaji kwa mifano ya gharama, mavuno na ongezeko la idadi.

Mlango wa pili ni wa wahandisi, wanafizikia na jamaa zao. Hapa mwendo ni wa kasi. Mhadhiri hudhani kwamba utofautishaji wa kidato cha sita umekwisha kukaa vidoleni, na baada ya majuma machache darasa limekwisha kufika kwenye milingano inayoeleza mwendo, joto na mawimbi.

Mlango wa tatu ni wa wanaosomea hisabati yenyewe, na walimu watarajiwa wa somo hilo. Hapa, pamoja na ukokotoaji, mwanafunzi hukutana na hisabati ya uchanganuzi, ambamo haulizwi tu jibu ni ngapi, bali pia kwa nini jibu hilo lazima liwe kweli. Kwa mfano, sote tunasema kwamba x ikikaribia 3, basi x² hukaribia 9. Mlango wa tatu husema: thibitisha. Nipe kosa unaloweza kulivumilia, nami nitakupa ukaribu utakaolitosheleza. Ukisema kosa lisizidi 0.01, nitakujibu kwamba inatosha x isiwe mbali na 3 kwa zaidi ya 0.001, kwa kuwa mraba wa 3.001 ni 9.006001 na mraba wa 2.999 ni 8.994001. Kisha sina budi kuonyesha kwamba naweza kukujibu hivyo kwa kosa lolote utakalolitaja, hata liwe dogo namna gani. Hiyo ndiyo maana ya kikomo, na juu ya maana hiyo jengo zima limesimama.

UCHAGUZI HUFANYWA MAPEMA KULIKO TUDHANIVYO

Katika vyuo vingi vya Marekani mwanafunzi mgeni hupewa jaribio la kumpima, kisha akapangiwa au akachagua kozi ya kalkulasi ya kuanzia. Baadhi ya vijana wetu waendao huko hukuta kwamba hisabati yao ya kidato cha sita inawaruhusu kuiruka kozi ya kwanza kabisa. Hapa kwetu mambo ni tofauti. Mwanafunzi hachagui kozi ya kalkulasi peke yake kama achaguavyo kitambaa dukani. Kozi huja pamoja na shahada, na shahada hutegemea masomo aliyofanya kidato cha tano na cha sita.

Kwa hiyo uchaguzi wa kweli hufanywa kijana akiwa bado na umri wa miaka 17 au 18. Aliyesoma PCM, PGM au EGM amefanya Hisabati ya Juu, na milango yote mitatu iko mbele yake. Aliyesoma PCB, CBG au HGE kwa kawaida amefanya somo dogo ambalo wanafunzi huliita BAM. Somo hilo nalo lina utofautishaji na ulimbikizaji, lakini kwa kiasi kidogo, na halimpeleki mwanafunzi kwenye milingano tofautishi wala kwenye namba changamano. Mlango wa kwanza uko wazi kwake. Mlango wa pili na wa tatu kwa kawaida umefungwa. Mwaka 2024 Serikali iliongeza idadi ya tahasusi, na hilo limepanua njia. Lakini njia zikiwa nyingi, haja ya kuuliza kila moja inafika wapi huwa kubwa zaidi.

Mwanafunzi wa Kigoma ana sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili. Kutoka kituo chetu cha reli hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250. Kijana wa Dar es Salaam anaweza kupanda basi asubuhi, akaenda kuuliza katika idara ya hisabati, na kurudi nyumbani kwa chakula cha mchana. Wa kwetu huenda mara moja tu, akiwa na sanduku lake, na akikuta ameingia mlango usiomfaa, gharama ya kurudi nyuma humwangukia yeye na wazazi wake waliouza dagaa, mawese au mahindi kumpeleka. Kwake yeye, kupotea mwaka mmoja si neno dogo.

MAJIVUNO NA WOGA

Makosa mawili huonekana mara kwa mara, nayo ni ndugu ingawa sura zao ni tofauti.

La kwanza ni majivuno. Mwandishi wa makala haya alilitenda. Alimaliza kidato cha sita na alama nzuri katika hisabati, akaingia mlango wa tatu akiamini kwamba hakuna jipya la kumtisha. Alikuwa amezikariri kanuni zote za utofautishaji na aliweza kuzitumia upesi kuliko wenzake. Katika juma la pili mhadhiri alimwuliza kikomo ni nini. Alijibu kwa kutoa mfano. Akaulizwa tena, akatoa mfano mwingine. Alikuwa na mifano 20 na hakuwa na jibu hata moja. Muhula ule aliufeli, na ilimbidi kujifunza upya, kwa aibu, mambo ambayo angeweza kujifunza kwa utulivu kama angalikiri tangu mwanzo kwamba kutumia chombo na kukielewa ni mambo mawili.

La pili ni woga. Wapo wanafunzi, na hasa wasichana, ambao wana akili ya hisabati lakini wameambiwa tangu kidato cha kwanza kwamba somo hilo ni la watu maalumu. Hao hukimbilia mlango wa kwanza ingawa wangestahili wa pili au wa tatu. Msiba huu ni mkubwa kuliko ule wa majivuno, kwa kuwa mwenye majivuno hufeli akaonekana, bali mwenye woga hupita salama na hakuna ajuaye taifa limepoteza nini.

Kwa wenye majivuno nasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wala kuinama si fedheha. Leibniz alichapisha kanuni zake za utofautishaji mwaka 1684, na Newton akatoa kitabu chake kikuu cha mwendo na uvutano mwaka 1687. Lakini ilikuwa mwaka 1821 ndipo Cauchy alipochapisha kitabu kilichoanza kuiweka kalkulasi juu ya maana thabiti ya kikomo, na hata baada yake kazi ilibidi imaliziwe na wengine, akiwemo Weierstrass. Kwa miaka 137 wataalamu wakubwa wa Ulaya walikokotoa njia za sayari kwa chombo ambacho msingi wake haukuwa umekamilika. Ikiwa wao walianza kwa kutumia na kuelewa kukafuata, mwanafunzi apitaye mlango wa kwanza au wa pili kabla ya ule wa tatu hafuati njia ya wajinga.

Kwa wenye woga nasema: historia hiyo hiyo inawatetea. Kama kikomo kiliwachukua mabingwa zaidi ya karne moja kukifafanua, basi kutokielewa siku ya kwanza si dalili ya upungufu wa akili.

JIPIME KWANZA

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, na wenyeji wakawaambia kwamba mto Rusizi, ulioko kaskazini, unaingia ziwani. Hata hivyo wataalamu wa Ulaya waliendelea kubishana kama mto huo unaingia au unatoka. Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda kuutazama. Wakakuta unaingia, kama wenyeji walivyosema. Mabishano mengi huisha kwa kwenda kutazama. Basi mwanafunzi asibishane na nafsi yake kama yuko tayari au la. Na ajitazame kwa maswali haya sita, bila kitabu, bila kikokotoo, bila rafiki.

1. Rahisisha: toa 9 katika mraba wa (3 + h), kisha gawanya kwa h.

2. Tafuta thamani zote za x zinazofanya x² − 5x + 6 iwe ndogo kuliko sifuri.

3. Chora grafu ya sini kutoka nyuzi 0 hadi 360, na useme ni wapi inapanda kwa kasi kuliko pote.

4. Tafuta kilele na bonde la y = x³ − 3x. Kisha eleza kwa nini y = x³ haina kilele wala bonde, ingawa mteremko wake ni sifuri mahali x ni sifuri.

5. Eleza kwa nini eneo lililo chini ya grafu ya kasi ya gari na muda ni sawa na umbali uliosafiriwa.

6. Eleza kikomo ni nini, bila kutoa mfano.

Majibu ya swali la kwanza ni 6 + h, na la pili ni namba zote zilizo kati ya 2 na 3. Katika la tatu, grafu hupanda kwa kasi kuliko pote penye nyuzi 0 na nyuzi 360. Katika la nne, kilele kina kimo cha 2 mahali x ni −1, na bonde lina kimo cha −2 mahali x ni 1; ama y = x³ husimama kidogo penye sifuri kisha huendelea kupanda. Swali la tano na la sita majibu yake ni maelezo, na ni vema yasomwe na mwalimu.

Aliyekwama katika matatu ya kwanza hana tatizo la kalkulasi. Ana tatizo la aljebra na trigonometria. Huyu, hata kama cheti chake kinamfungulia mlango wa pili, na arudi kwanza kwenye vitabu vya kidato cha tatu na cha nne. Wengi wanaosemekana wameshindwa na kalkulasi, kwa kweli wameshindwa na sehemu, mabano na alama za kutoa. Aliyejibu matano ya kwanza kwa uhakika yuko tayari kwa mlango wa pili. Na yule ambaye swali la sita lilimnyima usingizi, si kwa kuwa alilijibu, bali kwa kuwa alitaka sana kulijibu, huyo na aufikirie mlango wa tatu.

INJINI ILIYOPAKWA GRISI

Liko jambo jingine ambalo alama za mtihani haziwezi kulionyesha, nalo ni kutu ya muda. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Kati yake wengi huenda katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyorejeshwa kwa wahitimu hao mwaka 2013. Wazee wetu walilijua tatizo hili kwa ukali zaidi, kwa kuwa Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kazi iliwakomaza, lakini hisabati isiyotumika haikai ikimngoja mwenyewe.

Hapa bandarini tuna mwalimu wa jambo hili. Meli ya Liemba ililetwa kutoka Ujerumani kwa vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nyingi. Ilipoinuliwa mwaka 1924, injini zilionekana bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Mwanafunzi naye aipake injini yake grisi: mafungu mawili ya maswali kwa juma, nusu saa kila moja, tangu Juni hadi siku ya kufungua chuo. Hilo ni jambo dogo, nalo litampa faida kuliko kununua kitabu kinene asichokifungua.

WAJIBU WA WALIMU NA WA VYUO

Haitakuwa haki kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Mwalimu wa hisabati wa kidato cha nne ndiye wa kwanza kuulizwa juu ya tahasusi, na neno lake lina uzito kuliko ajuavyo. Yampasa, kabla ya kumwambia kijana "soma PCB" au "soma EGM", amwonyeshe milango iliyoko mbele na ile itakayofungwa nyuma yake. Yampasa pia, afundishapo kanuni, aulize "kwa nini" angalau mara moja katika kila kipindi. Darasa linalojua kanuni 20 bila sababu hata moja halijatayarishwa kwa mlango wowote; limetayarishwa kwa mtihani tu.

Vyuo navyo vina deni. Chuo kinaweza kumpima kila mwanafunzi mpya katika juma la kwanza, si kwa kumfukuza bali kwa kumweka mahali panapomfaa, na kuweka masomo ya kujazia kwa wale waliopungukiwa, bila kuyafanya yaonekane kuwa adhabu. Watasema baadhi kwamba hilo ni ghali, na kwamba aliyedahiliwa amekwisha kupimwa na mtihani wa taifa. Jibu ni kwamba mtihani wa taifa hupima alichojua Mei, katika mambo ya kidato cha sita. Hauwezi kusema amebakiwa na nini Novemba, wala kama yuko tayari kwa namna mpya ya kufikiri. Na kuhusu gharama: jaribio la saa mbili ni rahisi kuliko mwaka mzima wa mwanafunzi anayerudia, ambaye amekopeshwa fedha za umma au amelipiwa na jasho la wavuvi.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule zetu ziwaandae vijana kwa maisha watakayoishi kweli. Maisha ya kando ya ziwa hili yatataka wahandisi wa magati, wachunguzi wa samaki, na walimu wa hisabati wa kutosha kwa shule zetu. Kila mmoja wao atapita katika mlango mmojawapo kati ya ile mitatu. Basi, ewe mwanafunzi, kabla hujajaza fomu, chukua karatasi, ujibu yale maswali sita, na umpelekee mwalimu wako ayasome.